Kufufua Honda CG125 ya zamani: mwongozo kamili kuanzia kuinunua hadi kuirudisha barabarani

Pikipiki za zamani zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Zimelala nyuma ya nyumba za wazee wetu, kwenye stoo za misheni, kwenye yadi za ofisi ambazo zamani zilikuwa zinagawa pikipiki kwa mabwana shamba, alafu siku moja anakuja mtu wa chuma chakavu na mzani wake anaibeba kwa kilo. Inaniuma kweli nikiona hivyo kwasababu nyingi zinapona kabisa, tena bila hela ya kutisha. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifufua mwenyewe, jioni akitoka kazini na wikiendi, kwa raha yake.

Nimechagua Honda CG125 kwasababu kwa mtu anayeanza sioni pikipiki ya zamani inayoifikia. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 70 wakiwa wamelenga nchi ambazo oili haibadilishwi kwa wakati, mzigo unazidi na barabara ni vumbi mwanzo mwisho. Ndugu yake CB125S ilikuwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu) juu kichwani inayozungushwa na cheni, sasa oili ikichafuka au ikipungua kule juu ndio kunaanza kuliwa. Kwenye CG wakaishusha kemshafti chini ikaendeshwa na gia, valvu zikawa zinasukumwa na pushi rodi mbili (fimbo ndefu za chuma), na cheni ya nyuma wakaifunika na boksi la bati lisiingie mchanga. Brazil kiwanda cha Honda cha Manaus kilianza na pikipiki hii hii mwaka 1976, Pakistan Atlas Honda wameendelea kuitoa miaka na miaka, na Wachina nao wakaichukua ile ramani ya injini wakaizalisha kwa wingi. Na hapo ndipo inapotuhusu, maana injini nyingi za bodaboda za Kichina za 125 zinazopiga kazi huku kwetu ni uzao wa CG. Ringi, valvu, gasketi, pushi rodi, sahani za klachi, vyote unaweza kuvipata kwenye duka la spea za bodaboda. Yaani una pikipiki ya zamani ya Kijapani ambayo spea zake zinauzwa mtaani kwako.

Kabla ya yote shika jambo moja: uzima kwanza, sura baadaye. Pikipiki nyingi zinazokufa mikononi mwa watu wanaozipenda zinakufa kwasababu mtu alibomoa kila kitu wiki ya kwanza, akapeleka fremu kupigwa rangi, alafu hela ikakata na vipande vikabaki kwenye maboksi. Iwashe kwanza ikiwa chafu. Ikishawaka moyo unapata nguvu, na unajua hela yako inatakiwa iende wapi.

KUNUNUA

Anza na makaratasi, sio injini. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu pale mbele karibu na usukani, ya injini iko kwenye boksi la injini chini upande wa kushoto. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta taa, safisha mpaka zisomeke, linganisha na kadi herufi kwa herufi. Tanzania umiliki unahamishwa TRA, Kenya ni NTSA, na kama mwenye jina kwenye kadi alishafariki basi malizana na familia kwanza ndio utoe hela, na mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mashahidi. Pikipiki isiyo na kadi hata ukipewa bure iache, maana utaifufua alafu huwezi kutoka nayo getini.

Baada ya hapo angalia kama imekamilika. Injini iliyokufa haitakiwi kukuogopesha, kinachotakiwa kukuogopesha ni vitu vilivyopotea: tanki lenyewe, vifuniko vya ubavuni, boksi la cheni, mita, taa ya mbele na bakuli lake. Ringi utazipata dukani siku hiyo hiyo ila kifuniko cha ubavuni cha CG ya zamani unaweza kukitafuta mwaka mzima. Angalia pia nyufa kwenye shingo ya fremu na pale mkono wa tairi la nyuma unapofungwa, na pitisha macho kwenye foki za mbele kama zimepinda.

SIKU YA KWANZA NYUMBANI

Usipige kiki! Najua mkono na mguu vinawasha lakini usipige. Kama silinda imeshika kutu ndani, kiki ya nguvu inaweza kuvunja ringi au kuharibu shafti ya kiki. Piga picha kwanza na simu, pande zote, kila waya unapopita, kila kebo inavyokata kona, picha nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Tafuta vifuko vidogo vya nailoni na kalamu ya maka, kila boliti unayofungua iende na kifuko chake na jina lake.

Fungua plagi, mimina vijiko viwili vitatu vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kwenye tundu, iache ilale. Kesho yake weka gia ya nne, shika tairi la nyuma na mikono miwili ulitikise mbele na nyuma taratibu. Ikisogea kidogo tu umepona, endelea mpaka izunguke mzunguko kamili. Isiposogea ongeza oili uiache siku nyingine zaidi, hakuna haraka. Ikigoma kabisa ndio unafungua kichwa na silinda, nitakuja huko.

PARAFUJO ZA KIJAPANI

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo pikipiki nyingi zinapoharibiwa. Vifuniko vya pembeni vya injini ya CG vimefungwa na parafujo zenye msalaba kichwani ambazo ukiziangalia utasema ni za bisibisi ya nyota ya kawaida. Sio. Msalaba wa Kijapani umechongwa tofauti, na ile bisibisi ya nyota ya dukani haifiki chini vizuri, ukikaza mkono inapanda juu na kulamba kingo, ukirudia mara mbili kichwa kimeshakuwa tundu la duara. Tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo, ile ambayo ukiipiga kwa juu inajizungusha yenyewe, na kama unaweza kupata ncha zenye alama ya JIS (kiwango cha Kijapani) chukua hizo.

Loweka parafujo na oili ya kupenya kutu usiku kucha. Asubuhi weka ncha kwenye msalaba, hakikisha imekaa wima, alafu igonge kwanza pigo mbili tatu za kuishtua kabla hujaanza kuzungusha. Weka mkao wa kufungua, ikandamize na mkono, piga nyundo pigo moja la kutulia. Utasikia "tk" ndogo, na hapo imeachia. Ile iliyokwisha kulambwa na mafundi waliopita ichongee mfereji na msumeno wa chuma utumie bisibisi bapa, au itoboe kichwa kifuniko kitoke alafu kilichobaki unakishika na praizi. Wakati wa kufunga nunua boliti mpya za kutumia L-spana, weka grisi kidogo kwenye nyuzi, na usikaze kama unafunga nati ya lori kwasababu aluminiamu haina uvumilivu.

OILI KABLA YA KUWASHA

Mwaga oili yote ya zamani, ikiwa ya moto inatoka vizuri zaidi ila wewe huwezi kuipasha bado so iache ichuruzike muda mrefu. CG haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya, na ina kikombe kinachozunguka ndani ya kifuniko cha kulia ambacho kinatupa uchafu pembeni kwa kasi ya mzunguko. Fungua kifuniko, fungua hicho kikombe, utakuta tope jeusi limeganda ukutani kama ugali wa sufuria. Likwangue na kijiti, safisha na petroli, kausha, rudisha na gasketi mpya. Watu wengi wamebadilisha oili miaka 20 bila kugusa hicho kikombe.

Oili mpya ni kama lita 1, na iwe ya pikipiki, pakiti iwe na alama ya JASO MA. Kwa joto la Pwani 20W-50 inafaa. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi iteleze, maana kwenye CG klachi inaogelea humo humo kwenye oili ya injini. Kupima, futa kijiti cha kupimia oili, kichovye bila kukikaza kwenye nyuzi, ndio usome.

TANKI NA KABURETA

Petroli iliyolala miaka inageuka gundi na inanuka kama vanishi. Mwaga yote. Kama ndani ya tanki kuna kutu mimina siki nyeupe ijae, ikae siku moja au mbili, weka na nati nyingi ndani (zihesabu kabla na baada!) utikise. Mwaga, suuza na maji yenye magadi ya kupikia ili kuua asidi, suuza tena na maji safi, kausha haraka na upepo wa blowa kisha zungushia petroli na oili kidogo ndani, usiposhughulika haraka kutu inarudi siku hiyo hiyo. Tanki linalovuja usilipeleke kuchomelewa hivi hivi. Mvuke wa petroli unabaki hata kwenye tanki lililoonekana kavu na unalipuka, mpe fundi anayejua kulisafisha na kulijaza maji kwanza. Koki nayo ina kichujio na mpira wake, badilisha.

Kabureta ndio shule ya pikipiki nzima. Ifungue juu ya trei nyeupe ili kitu kikianguka ukione. Bakuli la chini likitoka utaona boya, sindano, na jeti mbili za shaba, kubwa na ndogo. Ile ndogo ndio inayofanya injini isizime ikiwa haijapewa moto (yaani hujavuta resi), na tundu lake ni jembamba mno, linazibwa na hata chembe ya kutu. Ishike juu uangalie dirishani: unatakiwa uone nukta ya mwanga iliyo duara safi. Ukiona giza, au mwanga wenye ukungu pembeni, bado. Loweka kwenye dawa ya kabureta, pitisha uzi mmoja laini wa waya wa umeme wa shaba, puliza na upepo. Usitumie sindano ya kushonea wala waya wa chuma, ukikwangua tundu umeshabadilisha kipimo na pikipiki itakunywa mafuta milele. Skrubu ya hewa kabla ya kuifungua ikaze taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, andika, alafu irudishe hapo hapo.

Kuna kabureta mpya za Kichina za bei rahisi ambazo zinaingia moja kwa moja. Mimi nasema safisha ya Keihin ya zamani kwanza, ikiwa mwili wake haujaliwa itafanya kazi vizuri kuliko hiyo mpya.

UMEME

CG za mwanzo ni volti 6 na zina pointi za kuwashia, za baadaye ni volti 12 na CDI (kuwasha kwa elektroniki, bila pointi). Jua yako ni ipi kabla hujanunua balbu au betri, wapo wanaoweka betri ya 12 kwenye mfumo wa 6 alafu wanashangaa haichaji. Kama ni ya pointi, zisafishe na msasa laini sana, futa na karatasi kavu, nafasi iwe milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa zimefunguka mwisho. Zinatakiwa zianze kufunguka pale alama ya F kwenye flaiwili inapolingana na alama ya kwenye boksi.

Weka plagi mpya, NGK D8EA au ya aina hiyo, nafasi 0.6 hadi 0.7. Iunganishe na waya wake, iguse kwenye bodi ya injini, piga kiki gizani. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika. Ya njano iliyolegea, fuatilia: kofia ya plagi, waya, kondensa, koili, na waya wa ardhi ambao mara nyingi umeshikwa na kutu au rangi pale unapofungwa kwenye fremu. Huo waya wa ardhi uchunguze kabla hujanunua chochote.

TAPETI

Kurekebisha tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka (mikono inayosukuma valvu) na valvu, hata mtu ambaye hajawahi kushika spana anaweza. Injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko cha juu cha kichwa na cha kushoto, zungusha flaiwili kinyume na saa mpaka alama ya T ilingane, alafu tikisa roka mbili na kidole. Zikiwa na mchezo kidogo zote mbili uko sehemu sahihi, kama zimebana zungusha mzunguko mmoja zaidi. Kipimo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Ingiza fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi), inatakiwa ipite ikiwa inasuguka, usikie inavuta kwenye vidole, sio ipwaye wala isilazimishwe. Shika skrubu isizunguke wakati unakaza nati, alafu pima tena maana mara nyingi nati ikikaza kipimo kinasogea. Tapeti zikibana valvu haifungi na inaungua, zikilegea unasikia kelele ya cherehani.

KUWASHA

Tundika chupa ndogo ya petroli safi badala ya tanki, weka pikipiki nje, sehemu ya wazi, na chombo cha kuzima moto au ndoo ya mchanga karibu. Choki juu, piga kiki chache swichi ikiwa imezimwa ili oili ipande, ndio uwashe. Ikiwaka usipige resi. Iache itulie, chungulia moshi, sikiliza.

Moshi wa bluu unaotoka mwanzoni tu au ukiachia moto kwenye mteremko, hiyo ni mipira ya valvu au gaidi za valvu (vibomba ambamo valvu inapita) zimepanuka. Moshi unaotoka muda wote na unazidi ukivuta, hizo ni ringi au silinda. Moshi mweusi ni mafuta mengi, rudi kwenye kabureta. Ila kama ulimwaga oili kwenye tundu la plagi ipe pikipiki dakika kadhaa iunguze hiyo kwanza ndio uihukumu.

Ikibidi kufungua juu, CG inakubali kufunguliwa kichwa na silinda bila kuteremsha injini. Chukua ringi moja, isukume ndani ya silinda na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima pengo lake, likifika 0.5 zimekwisha. Silinda yenye mikwaruzo inayokwama kucha ipeleke ikachongwe, pistoni za saizi kubwa zipo za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Hapa angalia sana dukani: CG125 ni pistoni ya milimita 56.5, ile ya 62 ni ya 150 na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa. Nenda na spea yako ya zamani mkononi, iwe ni Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, mpime pamoja juu ya kaunta, urefu wa pushi rodi na matundu ya gasketi pia, kwasababu Wachina wana matoleo mengi na sio yote yanalingana. Valvu zisage na pesti, alafu zifunge na springi zake, mimina petroli kwenye njia ya hewa na ya ekzosi. Isipovuja kwa dakika chache umemaliza.

BREKI NA TAIRI

Kabla hujakaa juu na kutoka nayo barabarani, badilisha breki shuu, kebo na tairi. Sio jambo la kujadili. Vumbi la shuu za zamani linaweza kuwa na asbesto so usilipulize, lilowanishe na maji ya sabuni ulifute. Tairi soma tarakimu 4 ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2312 ni wiki ya 23 ya 2012, hata kama bado ina meno mpira wake umeshakuwa mgumu. Gonga spoku moja moja na spana, iliyolegea inatoa sauti ya kufa.

SURA

Sasa ndio rangi, na ushauri wangu ni usikimbilie. Rangi ya kiwandani iliyofifia ukiiosha vizuri na kuisugua na polishi mara nyingi inarudi kwa namna ambayo hutaamini, na mikwaruzo iliyobaki ni ya maisha yake, iachie. Kromu yenye vidoa vya kutu isugue na karatasi ya foili iliyoloweshwa maji. Kama lazima upige rangi tanki, toa yote hadi bati, praima, msasa wa 400 alafu 800, rangi, na juu kabisa kliya yenye hadina (dawa ya kuifanya iwe ngumu) kwasababu ya kawaida inayeyuka petroli ikidondokea. Hiyo yenye hadina ina sumu kwenye mapafu, mpulizaji avae maski yenye filta, kitambaa hakisaidii.

KUIENDESHA

Kama umeweka ringi mpya, kilometa 500 za mwanzo usiibane, badilisha badilisha mwendo, usibaki kwenye kasi moja muda mrefu, na mwaga oili mapema kwenye kilometa mia za mwanzo maana chembe za chuma zinakuwa nyingi. Baada ya hapo CG inaenda kwa raha kwenye 60 hadi 70, na hiyo ndio kasi yake tamu. Kwa walioko Dar, toka alfajiri ya Jumapili kwenda Bagamoyo, kama kilometa 70, barabara haijajaa na injini inapumua hewa ya baridi. Ukishaiamini, panda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kilometa 30 na ushee za kona tupu, gia ya pili na ya tatu, ile sauti ya pushi rodi inagonga ukuta wa mlima inakurudia. Na kila utakaposimama kunywa chai kuna mzee atakuja kuisogelea akuambie aliiendesha ya namna hii akiwa kazini, mpe muda huyo mzee, mara nyingi ndio anajua nyingine imelala wapi na kifuniko chako cha ubavuni unaweza kukipata kwa nani.

Ukijua hutaiendesha mwezi au zaidi, funga koki, iache iwake mpaka ijizimie kwa kukosa mafuta, alafu legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umwage kilichobaki. Jaza tanki hadi juu lisiache nafasi ya unyevu, toa betri, weka stendi kubwa ili tairi la nyuma lisilale sehemu moja, na funika na shuka la pamba sio nailoni.